Ziara ya Posta ya Zamani

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Habari njema. Mwalimu Mkuu katangaza kikaoni kwamba Klabu ya Historia itakwenda ziara Jumamosi, na kwamba safari hii atafuatana nasi. Mlezi wa klabu ni mimi. Mwaka wa kumi na moja sasa, na hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kupanda basi letu. Huyu haendi kutazama majengo, anakwenda kutazama walimu. Nafasi ya mkuu wa taaluma iko wazi, na wanaotajwa chini kwa chini ni wawili: mimi na mwalimu wa jiografia.

Wanafunzi wanamwita Ramani. Mtu mpole, hana makuu, shati limechomekwa vizuri siku zote. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Kaombwa aje kama mwalimu wa pili. Alisema atafurahi, na uso wake ukaonyesha kufurahi kweli. Ujanja wa hali ya juu.

Mimi wananiita Tarehe, kwa kuwa nawakaririsha tarehe. Nimelizoea. Kuna wanaoitwa mabaya zaidi.

Ratiba imeandaliwa na katibu wa klabu, ambaye ni binti yangu, kidato cha pili. Tulikubaliana tangu alipochaguliwa: shuleni ni Katibu, nyumbani ni mwanangu. Karatasi safi, mistari imenyooka. Kwanza kilima chenye mawe ya kale, halafu daraja la chuma, halafu posta ya zamani, ambayo siku hizi ni nyumba ya makumbusho ya mji. Nikaisoma kwa fahari ya mzazi mpaka mstari wa mwisho. Mwongozaji wa posta: Bibi mtunza makumbusho, mwalimu mstaafu.

Chai ikanipalia.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mwalimu mstaafu huyo namjua. Alitufundisha darasa la nne. Tulimwita Bibi Chaki hata kabla hajawa bibi, maana aliweza kukulenga na kipande cha chaki huku kaelekea ubaoni, na chaki isikose. Mimi darasa lake nilikaa miaka miwili. Nilirudia. Na somo lililonirudisha, naliandika hapa kwa kuwa shajara hii haina msomaji mwingine, lilikuwa historia.

Mke wangu hajui. Wenzangu shuleni hawajui. Marehemu mama alijua, akaondoka nalo. Amebaki mtu mmoja chini ya jua, naye Jumamosi atasimama mbele ya wanafunzi thelathini, Ramani na Mwalimu Mkuu. Walimu wazee wana ugonjwa mmoja. Wakimwona mtu mzima aliyepitia mikononi mwao husema, huyu nilimfundisha mimi. Sentensi hiyo haijawahi kutembea peke yake.

Wakati wa chakula nikamuuliza mwanangu, kama mtu asiyejali, iwapo lazima Bibi huyo awepo. Akasema Bibi anajiandaa wiki ya tatu sasa. Mwisho wa mwezi anaikabidhi nyumba na kupumzika, hivyo sisi ndio wageni wake wa mwisho kutoka shule. Anamwandikia kila mwanafunzi kadi kwa mkono, na jina lake juu. Nikasema hiyo ni taabu kubwa kwa mtu wa umri ule. Akasema naye alimwambia hivyohivyo, Bibi akajibu kwamba si taabu, ni raha.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake pembeni, pini mdomoni. Akaitoa, akaniuliza tangu lini afya za wazee zinaninyima raha. Nikasema tangu zamani. Akanitazama, akairudisha pini mdomoni. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Pini ikirudi mdomoni ujue ana neno amelimeza.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimepima njia zote.

Kuugua siku ya ziara? Hapana, nitampa Ramani uongozi kwenye sinia. Kuifuta posta kwenye ratiba? Nilijaribu. Katibu akasema haiwezekani, Mwalimu Mkuu anakuja kwa ajili ya posta hasa. Baba yake alikuwa karani pale, dirisha la pili, miaka ishirini na nne. Tangu mzee azikwe, hajaingia humo.

Basi imebaki njia moja. Nyumba iwepo, Bibi asiwepo, na mwongozaji niwe mimi. Mwalimu Mkuu atasimama kwenye dirisha la baba yake, na sauti atakayoisikia nyuma yake iwe yangu. Nikifikiria hivyo hata nywele zinanisimama.

Baada ya vipindi nikapita pale. Mfagizi alikuwa anafagia majani uani. Nikamuuliza kama siku Bibi asipokuwepo yeye ana funguo. Akapiga mfuko wa suruali, zikalia. Sikuhitaji kujua zaidi.

Namba ya Bibi nikaitoa kwenye daftari la Katibu alipokuwa anaoga. Nikakaa kwenye ngazi ya nyuma nikaandika: ziara imesogezwa hadi Jumamosi ya wiki inayofuata, tunaomba radhi kwa usumbufu. Nikausoma. Nikaona ujumbe usio na cheo hauna uzito. Nikaongeza mwishoni: Katibu, Klabu ya Historia.

Haikupita dakika, jibu likaingia. "Asante mwanangu kwa kunijulisha. Nitawasubiri kwa hamu."

Nikafuta vyote viwili.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimesoma kijitabu cha historia ya posta mara tatu. Mwaka wa kujengwa, mwaka wa kuezekwa upya, mwaka wa kufungwa. Kwenye tarehe hanishiki mtu.

Ramani kaleta sanduku la huduma ya kwanza na madumu mawili ya maji ya kunywa. Kajipendekeza. Mwalimu Mkuu kamsifu mbele ya ofisi nzima. Nikasema kwamba mimi nimeandaa maarifa. Hakuna aliyenisikia, nadhani kengele ililia.

Saa tisa mwanangu akaja na mkoba wake begani, akaomba ruhusa apite kwa Bibi amkumbushe habari ya kesho. Nikasema aache, wazee hulala mchana. Akasema Bibi halali mchana. Nikasema basi kuna kazi ya haraka, nikampa vitambulisho thelathini vya kifuani aviandike upya kwa wino mweusi, eti wa bluu unafifia juani. Akavua mkoba, akakaa, akaanza kuandika bila kunung'unika. Anaandika polepole, ulimi kautoa kidogo pembeni, tangu akiwa mdogo.

Afadhali angebisha.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika hii nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Tulianza vizuri. Basi liliondoka saa mbili kamili, wanafunzi wanaimba, Mwalimu Mkuu kiti cha mbele, mimi nyuma yake nikimwagia tarehe. Kilimani nikawakusanya kwenye lile duara la mawe. Nikawaambia hapa palikuwa baraza la mtawala wa kale, wazee walikaa kuzunguka hivi, na pale katikati ndipo mashauri yalipokatwa. Sikulisoma mahali popote, lakini ukiyaona mawe yenyewe huwezi kufikiri vingine. Wanafunzi wakaandika. Mwalimu Mkuu naye akaandika. Nikaongeza kwamba jiwe lile refu lilikuwa la mfungwa.

Mwanafunzi mmoja akamuuliza Ramani mawe haya ni ya aina gani. Ramani akanitazama kwanza, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kosa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni saruji. Mahali hapa palikuwa na tangi la maji la mji, na baba yake, aliyekuwa fundi bomba, ni mmoja wa waliolibomoa. Jiwe la mfungwa ndilo lililoshika bomba la kutolea.

Mwalimu Mkuu akakata alichokiandika. Mstari mmoja, polepole.

Darajani sikusema mengi. Daraja lilikuwa daraja.

Tukafika posta saa tano na nusu. Mfagizi akatukaribisha, akafungua geti, tukaingia uani. Nikamwambia sasa afungue nyumba. Akasema ufunguo wa nyumba hana. Nikamkumbusha funguo za mfukoni. Akazitoa, akanionyesha moja moja: geti, stoo ya mafagio, choo cha wageni. Wa nyumba anao Bibi peke yake, miaka yote, hata mkubwa wa mji akija humsubiri Bibi.

Watu thelathini na wanne, jua la utosi, mlango umefungwa.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikawapanga wanafunzi kwenye madirisha, watatu watatu, wazibe mwanga kwa viganja wachungulie, nami nikaanza kueleza. Nikasema mnaona pale kaunta ya mbao. Wakasema hawaoni, wanaona pazia. Nikawaeleza kaunta iliyo nyuma ya pazia. Mwalimu Mkuu alikwenda peke yake dirisha la pili. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akabaki hivyo. Alikuwa hanisikilizi.

Nilikuwa kwenye mwaka wa kuezekwa upya alipotokea Bibi Chaki.

Mwenye duka la ng'ambo ya barabara aliona basi, akampigia simu. Alikuja kwa miguu, nusu mbio, kitambaa cha kichwa kimepinda, kavaa viatu vya ndani vya manyoya ambavyo vumbi la njiani lilikuwa limevimaliza. Kifua kinapanda na kushuka. Ramani akamwahi, akamshika mkono, akamketisha kwenye kizingiti, akampa maji kutoka kwenye lile dumu. Mimi nilisimama pale na kijitabu changu.

Alipopata pumzi aliomba radhi. Yeye, kutuomba sisi. Alisema funguo hana. Asubuhi kazipeleka kwa fundi makufuli azichonge nakala za kukabidhi, maana alijua leo hakuna wageni, na fundi kafunga duka kaenda harusini. Akauliza, nani hapa ni Katibu?

Mwanangu akasema ni yeye.

"Mwanangu, si uliniandikia ni Jumamosi ijayo?"

Akasema hapana, hakuandika. Bibi akasema kwa upole kwamba ujumbe ulikuja kwa jina la Katibu. Mwanangu akasema tena hapana, na safari hii sauti ilipasuka katikati. Wanafunzi wote wakamgeukia. Mwalimu Mkuu akatoka dirishani, uso una alama ya kioo, akamtazama kwa muda. Akasema kukosea ni jambo la kawaida, kukana ndiko asikokupenda, na kwamba mpaka atakapojua ukweli, klabu itakaa bila katibu.

Mwanangu akanitazama mimi. Hakunishuku. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama baba, kwamba sema kitu.

Nikafungua kijitabu. Nikasema muda umekwenda, tupande basi.

Kurudi hakuna aliyeimba.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nilikusudia kusema ukweli asubuhi, baada ya chai. Baada ya chai nikaona afadhali mchana. Mchana mwanangu alikuwa hayupo. Mama yake akasema kaenda kwa Bibi kuomba radhi kwa kosa ambalo anasema si lake, kwa sababu mzee kaumia miguu.

Nikatembea sebuleni. Nikatembea uani. Nikajiambia simu ya mzee itakuwa imezima chaji. Nikajiambia wazee hufuta ujumbe bila kujua. Nikajiambia mengi.

Akarudi saa kumi na moja. Akanisalimia vizuri tu. Akaichukua simu yangu mezani akaichomeka kwenye chaji, kama anavyofanya kila jioni, kisha akaenda kuosha vyombo. Namba yangu anaijua kwa kichwa tangu ana miaka mitano. Nilimfundisha mwenyewe, ili akipotea sokoni awaambie watu.

Kama ameuona ujumbe angesema. Hakusema. Kwa hiyo hajauona.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mwalimu Mkuu kaniita ofisini. Nikaingia na uamuzi wa kukiri. Kwa kweli nilikuwa nao, naapa.

Akaniwahi. Akasema jambo limekwisha. Binti yangu alikuja mwenyewe saa moja asubuhi, kabla ya kengele, akakiri. Kasema ndiye aliyeandika ujumbe, kwa simu yangu, bila ruhusa yangu, kwamba alichanganya tarehe, na akaogopa kusema mbele ya watu. Mwalimu Mkuu akasema ni msichana jasiri, ingawa ukatibu hataurudishiwa muhula huu. Akaongeza kwamba uamuzi wa mkuu wa taaluma utabandikwa Jumatano.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili, kiti kipo. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Watoto wa siku hizi, Mwalimu."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mke wangu anajua. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani na hashoni. Hakuna kitambaa wala pini, mikono kaiweka juu ya meza tu.

Akasema mtoto hakumwambia kitu. Alimkuta bafuni kafungulia maji ya bomba kwa nguvu ili asisikike analia, na mama ni mama. Akamvuta neno moja moja. Akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikaanza kumweleza habari za nafasi ya taaluma, na Ramani na sanduku lake la huduma ya kwanza. Akasema hakuuliza hayo.

Nikamwambia basi. Kwamba nilirudia darasa la nne.

Aligeuza kiti akanielekea, nikadhani ameguswa.

"Ndiyo hilo?" akauliza. "Baba watoto, mimi niliacha shule darasa la saba na nguo zako zote nimezishona mimi. Umewahi kuniona nimejificha?"

Akaendelea, bila kupandisha sauti, kwamba mtoto wa miaka kumi na tano kanibebea mzigo mbele ya shule nzima ili mimi nipate cheo, na mimi nimemwacha aubebe. Kwamba anachokiogopa si kwamba mtoto atanichukia. Anaogopa mtoto ataona hivi ndivyo watu wazima wanavyoishi.

Nimelala upande wa ukutani. Kesho nitakiri. Nimeandika barua ya kukiri, kurasa nne. Nimeisoma tena na kuona kurasa tatu ni za utumishi wangu katika klabu. Nitapunguza.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Tangazo limebandikwa saa mbili na robo. Ramani.

Hata barua ya maombi hakuandika. Alikuwa anabandua karatasi za zamani kwenye ubao wa matangazo ili ile mpya ipate nafasi, ndipo akaona jina lake. Akageuka akanipa mkono. Akasema alidhani ningekuwa mimi, na kwamba atanihitaji. Nina hakika alimaanisha. Ni vigumu kumchukia mtu wa namna hii, inabidi ujitahidi.

Saa nne nikaenda kwa Mwalimu Mkuu nikasema yote. Barua niliiacha mfukoni. Nilisema nimesimama, ujumbe ni wangu, jina la Katibu nililitia mimi, mtoto hana kosa. Na sababu pia nikasema.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Ungekuja jana, Mwalimu, ungekuwa umekuja kweli." Nikaelewa. Jana nilikuwa na kitu cha kupoteza. Leo nimeleta ukweli ambao haukunigharimu senti moja ya cheo, nao ulionekana hivyo hivyo ulivyo, kama nguo inayotolewa sadaka baada ya kumbana mwenyewe.

Akasema pia kwamba cheo nisingekipata kwa vyovyote. Nilikikosa kilimani, si posta. Kutojua si tatizo, tatizo ni lile jiwe la mfungwa. Halafu, akitazama nje, akasema siku ile alikuwa na neno moja la kumuuliza yule Bibi kuhusu baba yake, na ameona haya kulipeleka kwa simu.

Kwenye mkusanyiko wa mchana nikasimama mbele ya shule nikasema kwamba Katibu hakukosea, aliyekosea ni mimi. Hata wale wa kidato cha kwanza ambao hucheka kila kitu hawakucheka. Ukatibu umerudishwa. Mwanangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Tumekwenda kwa Bibi Chaki, mimi na mwanangu. Njia nzima alitangulia hatua mbili. Nikiongeza mwendo naye anaongeza.

Bibi anakaa chumba na sebule nyuma ya posta. Tulimkuta miguu kaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Akataka kuinuka, nikamzuia. Nikapiga magoti sakafuni, kwa sababu kiti cha pili kilikuwa kimekaliwa na kadi: kadi thelathini, zimefungwa kwa uzi, mwandiko uleule wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama askari.

Nikamwomba radhi. Nilimwambia ujumbe niliuandika mimi. Akasema anajua, mtoto hajui kusema uongo hata akijaribu, alipoiona namba uso wote ulibadilika. Akaniuliza tu, kwa nini. Si kwa ukali. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujifunza.

Nikamwambia niliogopa angewaambia watu kwamba nilirudia darasa.

Bibi akakunja uso. Akatazama dari. Akatazama maji ya beseni.

"Ulirudia?"

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Miaka miwili kwako.

"Nilikuwa nimesahau kabisa," akasema. "Ulirudia kwa nini?"

Ikabidi nimwambie. Mwanangu yuko palepale mlangoni, anasikia. Nikasema historia. Bibi Chaki akatikisa kichwa taratibu, akasema pole. Baada ya miaka arobaini, ananiambia pole.

Kisha akasema anachokumbuka kwangu ni kingine. Kwamba kila jioni nilibaki kufuta ubao bila kutumwa. Wengine walifuta wakiadhibiwa, mimi nilifuta tu, nikakung'uta na vitambaa dirishani. Hilo ndilo alilotaka kuwaambia wanafunzi Jumamosi. Alikuwa amelipanga mahali pake, baada ya kaunta, kabla ya mizani ya kupimia barua. Kwamba mwalimu wenu huyu, alikuwa mtoto wa kufuta ubao bila kutumwa.

Mimi silikumbuki hilo hata kidogo. Nimejaribu njia nzima ya kurudi. Nakumbuka alama nilizopata, nakumbuka kiti nilichokalia mwaka wa pili, nakumbuka waliohama darasa wakaniacha. Ubao sikumbuki.

Kabla hatujaondoka Bibi alisema miguu ikimruhusu anataka ziara irudiwe kesho, kama ujumbe ulivyosema, ili usiwe uongo. Funguo zimekwisha kuchongwa. Mwalimu Mkuu kakubali kwa simu papo hapo, nilimsikia sauti ikitetemeka.

Njiani mwanangu alipunguza mwendo. Hakunishika mkono, ila tulikuwa sambamba. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani akasema, "Baba, ungeniambia tu. Ningekuwekea mtu mwingine wa kuongoza." Aliingia ndani akaenda kumsaidia mama yake kupinda mapindo ya nguo.

Sijui kama kuna adhabu iliyozidi ile.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Saa moja kasoro asubuhi. Basi saa mbili.

Mwongozaji wa leo ni Bibi. Msimamizi ni Ramani. Mimi nimepewa kazi ya kubeba viti, kwa kuwa Bibi hawezi kusimama muda mrefu. Nimekubali kwa moyo mweupe. Mke wangu kaniuliza kama nimeelewa kazi yangu ni ipi. Nimesema viti. Kaniuliza tena. Viti.

Na ni kweli, nimebadilika. Mtu akipitia niliyoyapitia wiki hii hawezi kubaki yuleyule. Leo sitasema neno. Nitabeba kiti, nitakiweka, nitasimama ukutani. Nataka mwanangu anione nimenyamaza.

Isipokuwa kuna suala la ngazi.

Jana Bibi alinipa funguo nikaangalie viti posta, nikazihesabu. Kwenda ghorofani, kwenye chumba cha mizani na magunia ya barua, kuna ngazi kumi na nane, ya tisa pana kama kibaraza. Kwa miguu ile, Bibi atapumzika katikati. Dakika kumi, pengine zaidi. Wanafunzi thelathini watakuwa wamekwisha kufika juu, wamesimama mbele ya mizani, hawana wa kuwaeleza. Mwalimu Mkuu naye atakuwa juu. Ramani hatakuwepo, kwa sababu kwa tabia yake lazima atabaki chini amshike Bibi mkono. Haitakuwa kuongoza. Itakuwa kujaza nafasi. Mwalimu mzuri hawezi kuwaacha watoto wamekodoa macho tu.

Habari za mizani ile hazimo kwenye kijitabu. Nimeifikiria mwenyewe alfajiri hii. Ukiitazama vizuri ile sahani yake ya shaba, ilivyo pana, huwezi kuamini ilipimia barua tu. Nina hakika ilipimia dhahabu.

Nimeandika kurasa mbili. Kiti nitakiacha ngazi ya tisa, kile chenye mto laini, Bibi asiharakishe kuinuka.